Lugha ya Kueleza: Ushirikiano wa Kikanda katika Kufundisha Hisabati na Sayansi, kwa Mfano wa Kibondo na Kasulu



1.0 Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Baadhi yenu mlitarajia kwamba mtu aliyetumia maisha yake yote katika isimu ya lugha za Kibantu angezungumzia ngeli, toni au historia ya lahaja. Nimechagua hisabati na sayansi. Sijafanya hivyo kwa kujifanya mjuzi wa masomo hayo, bali kwa sababu nina deni ambalo linahusu fani yetu sote tuliomo ukumbini humu.

Naomba nianze na kisa. Mwaka 2009 nilikuwa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, katika utafiti wa lugha ya Kiha. Siku moja nilikaribishwa kuketi nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari ya kata. Mwalimu, kijana ambaye hakuwa amemaliza hata miaka miwili kazini, aliandika ubaoni kwa Kiingereza swali la kutafuta kigawe kidogo cha shirika cha 6 na 8. Alilisoma mara mbili. Wanafunzi wakanyamaza, baadhi wakiinamia madaftari yao kama watu wanaoogopa kutajwa. Mwalimu alinitazama mimi, kisha akatazama mlango, halafu akasema kwa sauti ya chini: "Kigawe kidogo cha shirika. Si mlikisoma shule ya msingi?" Mikono ikainuka darasa zima. Msichana aliyekaa karibu na dirisha akajibu, "Ishirini na nne, Mwalimu." Ndipo mwalimu akarejea kwenye Kiingereza na kuwaagiza waandike jibu katika lugha hiyo.

Baada ya kipindi alinifuata nje. "Shikamoo, Mzee," alisema. "Samahani, umenikuta nimechanganya lugha."

Nilimwitikia marahaba, lakini samahani ile sikuwa na jibu lake. Mimi, mtu niliyelipwa mshahara kwa ajili ya kukuza Kiswahili, nilikuwa ninaombwa radhi na mwalimu kwa kosa la kutumia istilahi sahihi ya Kiswahili, ambayo kila mtoto darasani aliijua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha mhadhara huu: nchi zetu zinaposhirikiana ili kuboresha ufundishaji wa hisabati na sayansi, zinashirikiana kwa lugha ipi ya kueleza? Hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya miaka 60 tumeshirikiana katika vitabu, mitihani, mbinu na vifaa, lakini lugha ambayo mtoto huelezwa na hujieleza kwayo tumeiacha nje ya mlango. Aidha, sehemu ya lawama ni yetu sisi wanaisimu.

2.0 Kibondo na Kasulu: mahali na lugha zake

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, zikipakana na Jamhuri ya Burundi. Mwaka 2012 zilimegwa na kuzaa wilaya za Kakonko na Buhigwe, lakini kwa historia ya elimu na ya lugha maeneo haya ni mamoja. Wenyeji wengi ni Waha. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu wa Malcolm Guthrie, Kinyarwanda kimepewa namba D61, Kirundi D62 na Kiha D66. Ujirani wa namba hizo unaakisi ujirani wa wasemaji wenyewe, ambao husikilizana kwa kiasi kikubwa pasipo mkalimani.

Juu ya msingi huo wa lugha za wenyeji, historia imeleta tabaka nyingine. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbilia Kibondo na Kasulu. Vita vya Zaire vya mwaka 1996 vikaleta wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu mwaka huohuo. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Ile ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi. Shule za kambini zilifuata mitaala ya nchi walizotoka wakimbizi, ili mtoto atakaporejea kwao aweze kuendelea pale alipoachia.

Matokeo yake ni hali ambayo sijaiona kwingine katika nchi yetu. Katika mwendo wa siku moja kwa baiskeli mtu aliweza kupita shule ya msingi ya Kitanzania inayofundisha hisabati kwa Kiswahili, shule ya sekondari inayofundisha hisabati hiyohiyo kwa Kiingereza, shule ya Warundi inayoanza kwa Kirundi na kugeukia Kifaransa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na shule ya Wakongo inayotumia Kifaransa kwa watoto ambao uwanjani wakati wa mapumziko huzungumza Kiswahili. Pembetatu ni ileile, na mvua inayonyesha juu ya mapaa ya shule zote ni ileile, lakini mwalimu wa shule moja hakuweza kumwazima jirani yake hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Watoto hao wote walikuwa na jambo moja la pamoja. Kila mmoja alilazimika kuacha lugha aliyoanza kufikiria kwayo hisabati, na kuhamia lugha nyingine katikati ya safari. Mtoto wa Kirundi alivuka mara moja, kutoka Kirundi hadi Kifaransa. Mtoto wa Kiha wa kijijini huvuka mara mbili: anapoingia darasa la kwanza anaacha Kiha na kushika Kiswahili, na anapoingia Kidato cha Kwanza anaacha Kiswahili na kushika Kiingereza. Ndiye mwenyeji wa mahali, na ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote.

Sidai kwamba lugha ndiyo sababu pekee ya matokeo mabaya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliongeza shule za kata kwa kasi kuliko ulivyoongeza walimu wa hisabati, fizikia na kemia. Shule nyingi zilifunguliwa bila maabara, na wahitimu wa kidato cha sita walipelekwa madarasani kwa leseni baada ya mafunzo ya muda mfupi. Hata hivyo, katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya 2019, 2020 na 2021, waliofaulu Hisabati kitaifa walikuwa takriban mmoja tu kati ya kila watahiniwa watano. Namba ya namna hiyo inapojirudia mwaka hadi mwaka, kila fani yenye fungu lake la lawama inapaswa kulitazama. Fungu letu ni lugha.

3.0 Ushirikiano uliokwisha kufanyika

Ushirikiano wa kikanda katika masomo haya si jambo jipya. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, pamoja na wenzao kutoka Marekani na Uingereza, wakaanza kuandika vitabu vya kile kilichoitwa hisabati ya kisasa. Warsha hizo ziliendelea kwa miaka kadhaa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililowawezesha watahiniwa wa Kenya, Uganda na Tanzania kufanya mtihani mmoja. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Juhudi iliyo karibu nasi zaidi, na ambayo naiheshimu zaidi, ni mradi uliojulikana kwa kifupi chake SMASSE. Ulianza nchini Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, katika wilaya 9 za majaribio, ukilenga hisabati, biolojia, kemia na fizikia katika shule za sekondari. Mwaka 2001 ukazaa mtandao wa nchi za Afrika, na kituo cha Nairobi kinachojulikana leo kama CEMASTEA kikawa mahali pa kuwanoa wakufunzi kutoka nchi nyingi za bara hili. Ubora wa mradi huo ni kwamba Waafrika walifundishana. Mwalimu hakuambiwa asubiri maabara. Alielekezwa atumie chupa tupu, mshumaa, kamba, majani na udongo. Pia aliambiwa apunguze kuhutubia, amwache mwanafunzi atende, ajaribu, aulize na aeleze alichokiona.

Hapo ndipo mwanaisimu anapaswa kusimama na kuuliza. Zamani mwanafunzi alitakiwa kusikiliza na kunakili, na mtu anaweza kunakili lugha asiyoijua. Mbinu mpya inamtaka aseme. Inamtaka akisie, abishane na mwenzake, akosee na kujisahihisha kwa maneno yake mwenyewe. Lakini maneno yake mwenyewe ni yapi? Mbinu ilibadilika ikamfanya mwanafunzi kuwa msemaji, ilhali lugha iliyoruhusiwa darasani ilibaki ileile ambayo hawezi kuisema. Mwalimu aliyetoka katika mafunzo kama hayo hurudi darasani akiwa na chupa na mshumaa, huuliza swali zuri sana, kisha hukutana na kimya kilekile nilichokiona Kasulu. Methali yetu husema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa bahati mbaya, shule zetu zimeigeuza methali hiyo kuwa utaratibu wa kazi.

4.0 Istilahi na kazi yake darasani

Yako mazoea ya kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Badala ya kubishana kwa jumla, naomba tuchunguze mifano miwili, mmoja wa hisabati na mmoja wa fizikia.

4.1 Kigawe na kigawo

Maneno haya mawili yamo katika vitabu vyetu vya shule ya msingi, na yametokana na kitenzi gawa. Tofauti yao ni irabu ya mwisho tu. Kiswahili kina kawaida ya kuunda nomino kutokana na vitenzi kwa kiishio -o ili kutaja chombo au kitu kinachotenda: funika hutoa kifuniko, ziba hutoa kizibo. Kina pia kiishio -e ambacho hutaja kinachotendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, na kilichoumbwa ni kiumbe. Kwa hiyo kigawo ni kinachogawa na kigawe ni kinachogawika. Sita ni kigawo cha ishirini na nne. Ishirini na nne ni kigawe cha sita. Mtoto anayekijua Kiswahili anayo maana nzima ndani ya neno lenyewe. Akisahau fasili aliyokaririshwa, sarufi ya lugha yake itamkumbusha. Majina ya Kiingereza ya dhana hizo mbili hayafanani hata kwa silabi moja, na lazima kila moja likaririwe peke yake.

Jambo la kufurahisha zaidi ni kwamba mzizi huo haukomei kwenye Kiswahili. Kirundi na Kinyarwanda vina kitenzi kugabanya, chenye maana ya kupunguza au kugawa, ambacho ni ndugu wa wazi wa gawanya ya Kiswahili. Penye /b/ katika lugha hizo, Kiswahili kina /w/. Mwalimu wa Kibondo anayelijua hilo anaweza kuanza somo la kugawanya kwa neno ambalo mtoto amelisikia nyumbani chakula kinapopakuliwa, akalisogeza hadi kwenye Kiswahili, na baadaye hadi kwenye Kiingereza. Daraja limekuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha mwalimu mahali lilipo.

4.2 Uzito na tungamo

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na nauchagua kwa makusudi kwa sababu unaonyesha udhaifu wa Kiswahili cha kawaida. Sokoni Kibondo tunasema maharage haya yana uzito wa kilo mbili. Fizikia hairidhiki na usemi huo. Inatenganisha kiasi cha maada kilichomo katika kitu, yaani tungamo, na kani inayokivuta kitu hicho kuelekea chini, ambayo ndiyo uzito. Kilo ni kipimo cha tungamo. Kiswahili cha mazungumzo hutumia neno moja kwa dhana zote mbili, kama kinavyotumia nguvu mahali ambapo fizikia inatenganisha kani, nishati na nguvu.

Je, huu ni upungufu wa Kiswahili peke yake? Hapana. Mnunuzi wa London naye huchanganya dhana hizo, na wa Paris vilevile. Kila lugha ya sokoni hukutana na tatizo hili inapoingia maabara. Kinachomsaidia mtoto kuvuka ni mwalimu kuweza kulijadili tatizo lenyewe katika lugha anayoielewa mtoto.

Vifaa vipo. Karibu kila mtoto wa Kasulu ameiona mizani ya sahani mbili, ambayo maharage huwekwa upande mmoja na jiwe la kilo upande wa pili. Ameona pia mizani ya kuning'iniza yenye springi, ambayo watoto wachanga hupimiwa kliniki. Mizani ya kwanza hulinganisha tungamo na tungamo. Ya pili hupima mvuto unaovuta springi. Mwalimu anaweza kuuliza: tukizipeleka mizani zote mbili mwezini, ambako mvuto ni takriban sehemu moja ya sita ya mvuto wa dunia, ipi itabadili jibu lake? Watoto watabishana. Mmoja atasema zote, mwingine atasema hakuna, hadi mtu mmoja atambue kwamba kule mwezini jiwe la kilo nalo limekuwa jepesi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo sahani zitabaki sawasawa, ilhali springi itanyooka kidogo tu. Hapo neno tungamo linapata kazi. Si neno gumu tena, kwa sababu mtoto amekwisha kuona kwa nini linahitajika. Mabishano ya namna hiyo hayawezekani katika lugha ambayo darasa zima lina uwezo wa kusema ndiyo na hapana pekee.

5.0 Kosa letu

Ikiwa istilahi zipo, kwa nini mwalimu wa Kasulu aliomba radhi? Historia ya kazi yetu ni ndefu. Kamati ya lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikaundwa mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Mwaka huohuo wa 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa taarifa yao juu ya haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ikapendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili, pendekezo ambalo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ikachapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limebakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia sekondari.

Ni rahisi kwetu kuilaumu serikali, na mara nyingi tumefanya hivyo. Leo naomba niseme juu yetu wenyewe. Katika miaka ya 1980, nikiwa mtafiti mchanga, nilihudhuria vikao vya istilahi. Nakumbuka asubuhi moja tuliyoimaliza kwa mjadala juu ya jina la dhana mojawapo ya mwendo. Kulikuwa na kundi lililotaka mzizi wa Kibantu, kundi lililotaka wa Kiarabu, na kundi lililotaka neno la kimataifa litoholewe. Hoja zilikuwa za kisomi na chai ilikuwa nzuri. Tulipiga kura, nami nilinyoosha mkono. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mwalimu wa shule ya msingi huiitaje dhana hiyo anapoieleza. Hakuna mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwamo chumbani. Neno tulilolipitisha sijalisikia darasani hata siku moja.

Istilahi tulizozitunga zilihifadhiwa katika vitabu ambavyo nakala zake zilibaki katika maktaba za vyuo. Kwa upande mwingine, zile zilizoenea, kama kigawe, kigawo, namba tasa na usanisinuru, zilienea kwa sababu ziliingia katika vitabu vya mwanafunzi na kwenye ubao wa mwalimu. Somo lake ni la wazi: istilahi husanifishwa na kamati, lakini huishi kwa matumizi.

6.0 Hoja za wanaopinga

Ziko hoja tatu ambazo ni haki kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia na mzazi ana haki ya kumtakia mwanawe lugha hiyo. Nakubali haki hiyo. Wengi wetu tuliomo ukumbini, nami nikiwemo, tuliwapeleka watoto wetu shule za mchepuo wa Kiingereza, na si uungwana kumkataza mzazi wa Kibondo kutamani tulichokitamani sisi. Hata hivyo, kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni jambo jingine. Utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa lugha wanayoielewa walishiriki zaidi darasani kuliko wenzao. Mtoto anayekijua kigawe atajifunza jina lake la Kiingereza kwa siku moja. Mtoto aliyekariri jina bila dhana atalibeba miaka minne na kulirudisha kwenye karatasi ya mtihani likiwa halijafunguliwa.

Ya pili ni kwamba mwelekeo wa kanda hauko huko. Ni kweli kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na kwamba Rwanda iligeukia Kiingereza mwaka 2008. Lakini Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya; Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inafanya kazi Zanzibar tangu mwaka 2015; Burundi inakifundisha Kiswahili shuleni; na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili mashariki mwake, ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022.

Ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni ya haki kabisa. Mzee mmoja wa Kiha aliwahi kuniambia: "Ninyi mnalalamika Kiingereza kinawanyang'anya watoto. Na Kiswahili je, kwa mjukuu wangu?" Siwezi kuijibu hoja hiyo kwa kuikana. Kwa mtoto wa miaka saba katika kijiji cha Kasulu, Kiswahili cha darasa la kwanza ni kivuko. Tukidai kwamba mtoto aelezwe kwa lugha anayoielewa, hatuwezi kusimamisha dai hilo mahali panapotufaa sisi Waswahili. Mwalimu wa madarasa ya awali aruhusiwe kusema kugabanya kabla ya kusema kugawanya, na asimwombe mtu yeyote radhi kwa hilo.

7.0 Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, napendekeza mambo manne.

Kwanza, iandaliwe faharasa ya pamoja ya maneno machache ya hisabati na sayansi, kuanzia shule ya msingi hadi Kidato cha Pili, yenye safu za Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa, Kirundi na Kiha. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ina uwezo wa kuiratibu. Kazi yenyewe ianzie mpakani, kwa mfano katika Chuo cha Ualimu Kasulu, na walimu wawe wengi kuliko maprofesa katika kila kikao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; walimu wa Kirundi na wa Kikongo waliofundisha kambini kwa miaka mingi wana ujuzi wa kuvusha watoto kutoka lugha hadi lugha, nasi hatujawahi kuwauliza.

Pili, kila mafunzo ya walimu kazini ya hisabati na sayansi, ya kitaifa au ya kikanda, yatenge muda wa lugha ya kueleza. Mwalimu anayefundishwa kutengeneza kifaa kwa chupa afundishwe pia kuuliza maswali juu ya kifaa hicho kwa lugha mbili.

Tatu, ufanyike utafiti wa majaribio wa kutoa maswali ya hisabati na sayansi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa lugha mbili katika karatasi moja, ili tujue ni makosa mangapi ni ya hisabati na mangapi ni ya kutoelewa swali.

Nne, na hili nawaambia wanafunzi wangu wa isimu, nendeni madarasani. Tasnifu juu ya maneno ambayo walimu wa Kibondo huyatumia wanapofunga mlango na kueleza sehemu, kani au mfumo wa damu itakuwa na manufaa kuliko tasnifu nyingine juu ya istilahi zilizomo kamusini.

8.0 Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha kwamba ushirikiano wa kikanda katika hisabati na sayansi, kuanzia Entebbe hadi Nairobi, umefanya mengi mema lakini umeiacha kando lugha ya kueleza. Kwamba Kiswahili na lugha ndugu zake zina nyenzo za kutosha za kuanzia. Na kwamba sisi tuliozitunga nyenzo hizo hatukuzifikisha mahali pa kazi. Kibondo na Kasulu, ambazo mara nyingi hutajwa katika taarifa kama mahali pa shida, zina utajiri wa lugha unaozifanya zifae kuwa mahali pa kuanzia.

Sikumwona tena mwalimu yule wa Kasulu, na sijui kama bado anafundisha. Jibu nililokosa siku ile ni hili: mwanangu, hukukosea. Watoto walielewa, na samahani ilipaswa kutoka kwangu.